Mwaka Hamira Ilipokosekana

Dorkasi alijifunza kuoka mkate katika jiko la watu wengine. Alikuwa binti wa miaka ishirini na minne alipoajiriwa katika nyumba ya walowezi waliofuga ng'ombe wa maziwa karibu na Kwai, na mama mwenye nyumba ile hakuwa mwongeaji. Alimfundisha kwa vidole. Alikanda donge mbele yake, akasimama, akaligusa donge, kisha akagusa ndewe ya sikio lake mwenyewe. Maana yake ilikuwa kwamba unga uliokandwa sawasawa huwa laini kama ndewe. Dorkasi hakupewa kipimo kingine, na hakukitafuta. Mpaka uzeeni alikuwa akikanda, anasimama, anajigusa sikio kwa mkono wenye unga, anaendelea. Ukikutana naye njiani na sikio lake la kulia ni jeupe, ulijua siku hiyo kuna mkate.

Walowezi wale waliuza mifugo yao mwaka 1962, mwaka mmoja baada ya Uhuru, wakaondoka. Watumishi wengine waliomba viti na kabati. Dorkasi aliomba makopo mawili ya bati ya kuokea. Mumewe, Nathanaeli, ambaye alikuwa seremala na mzee wa kanisa letu la Kilutheri, alimtengenezea jiko. Alilaza debe la mafuta ya taa, akalizungushia udongo mnene, akaacha nafasi ya makaa chini na juu. Makaa yalitoka kwenye kuni za miwati, ambazo huwaka taratibu. Kilo moja ya unga wa ngano ilitoa mikate miwili, myeupe ndani, yenye ganda jembamba la rangi ya kahawia, na laini kiasi kwamba ukiibonyeza kwa kidole ilirudi yenyewe. Siri yake, kama ni siri, ilikuwa maziwa badala ya maji, kijiko cha samli, na uvumilivu. Kwetu kuna baridi, na donge haliumuki upesi. Alilifunika kwa kanga mbili na kulisogeza karibu na mafiga, akaliacha hata kwa muda wa saa tatu bila kulichungulia.

Nyumba ya Mwanamisi ilikuwa chini kidogo ya ile ya Dorkasi, kama hatua arobaini, ng'ambo ya ua wa miti ya mafyulisi. Walikuwa marafiki tangu Mwanamisi alipomzaa binti yake Asha na kukaa wiki nzima bila hamu ya chakula chochote. Dorkasi alimpelekea mkate mmoja, na huo alikula. Mwezi wa Ramadhani ulipofika mwaka ule, Dorkasi alipeleka tena, ili Mwanamisi na Bi Fatuma, mama mkwe wake, wapate kufuturu kwa kitu chepesi pamoja na chai. Tangu hapo ikawa desturi. Kila Ramadhani mkate mmoja ulishuka ule ua, siku baada ya siku, na siku ya Idi sahani kubwa ya pilau ilipanda. Krismasi Mwanamisi alikuja kumenya viazi. Hakuna aliyelipa wala kudai kitu, na hakuna aliyewahi kulisemea jambo hilo. Bi Fatuma, ambaye alikuwa amebakiwa na meno mawili, aliuita mkate ule "godoro langu".

Mwaka 1974 mvua zilikataa. Huo ndio mwaka tulioanza kula unga wa yanga, ule wa njano wa msaada, ambao bada yake, yaani ugali wake, watoto walikuwa wakiitazama kwanza kabla ya kuigusa. Kijiji kilikuwa kimeandikishwa kuwa cha Ujamaa, tulikuwa na shamba la pamoja la viazi na duka la ushirika, na mimi, niliyekuwa nimerudi kutoka sekondari, niliwekwa kuwa karani wa duka hilo. Sukari ilikuja kwa zamu. Sabuni ilikuja na kupotea. Unga wa ngano, kwa ajabu, ulikuwapo, magunia mawili, kwa sababu ni wachache waliojua la kuufanyia. Kilichokosekana ni hamira. Tangu Juni hapakuwa na kopo hata moja, wala Lushoto mjini, wala Lukozi, wala Korogwe nilikouliza.

Mwezi wa Ramadhani ulikuwa unaandama katikati ya Septemba. Wiki moja kabla, Dorkasi alikuja dukani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Kristofa. Hamira?"

"Hata harufu yake hakuna, mama."

Alisimama akitazama rafu iliyokuwa tupu kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Halafu akanunua kilo mbili za unga.

Yaliyofuata nilikuja kuelezwa na yeye mwenyewe. Jirani yetu mmoja, Silvano, alikuwa akipika boha, pombe yetu ya miwa. Silvano alikuwa Mkatoliki, na kwao jambo hilo halikumsumbua mtu. Kwa Walutheri wa kwetu lilikuwa jambo zito. Aliyekunywa boha alisimamishwa mbele ya wazee, na aliyepika alitengwa na meza ya Bwana. Mke wa mzee wa kanisa kuonekana tu kwenye ua wa Silvano lilikuwa jambo la kuzungumzwa mwezi mzima. Lakini Dorkasi alikuwa ameyaona mapovu ya boha, na alijua kwamba kinachotoa mapovu hayo ndicho kinachoumua unga. Alikwenda saa sita mchana, wakati watu wako shamba la pamoja, akiwa na kibuyu kidogo ndani ya kikapu cha majani ya ng'ombe.

"Mama Rubeni!" Silvano akasema, akimwita kwa jina la mwanawe. "Leo kanisa limehamia kwangu?"

"Punguza sauti, Silvano. Nataka mashapo tu, yale yanayotulia chini."

"Mashapo nawamwagia nguruwe."

"Basi leo wanyime."

"Na mzee Nathanaeli nimwambie unakuja kusali?"

"Ukimwambia kitu chochote, Silvano, siku ya arusi ya binti yako utakula viazi badala ya mkate wangu."

Silvano alicheka mpaka akashika mlango, akamjazia kibuyu.

Mkate uliumuka. Uliumuka kuliko wa hamira, kwa kweli, na ulipokatwa ulikuwa mweupe na wenye vitundu vidogo vilivyolingana. Dorkasi alijiuliza swali moja tu. Je, amekunywa? Hakunywa. Hakuonja hata tone. Mashapo yaliingia katika unga, unga ukaingia motoni, na chochote kilichokuwamo kikaungua. Hofu yake yote ilikuwa juu ya wazee wa kanisa na juu ya mumewe. Kwa hiyo alichofanya ni kuficha kibuyu nyuma ya pipa la maji na kuzima harufu yake kwa majivu. Aliulinda mlango huo mmoja, wa kanisa, kwa bidii sana.

Siku baada ya siku, saa kumi na moja jioni, mkate ulishuka ule ua kama kawaida. Siku ya kumi na mbili ya mfungo, Dorkasi alikaa kidogo kwa Mwanamisi baada ya adhana, wakifuturu na yeye akinywa chai tu.

"Mama Rubeni," Mwanamisi akasema, akichovya kipande, "mwaka huu mkono wako umebadilika. Mkate una utamu kwa mbali, kama mua."

"Godoro limewekewa sufi mpya," Bi Fatuma akasema.

Dorkasi aliniambia kwamba kikombe kilikuwa mkononi, na chai ilikuwa ya moto, lakini hakuisikia. Alimtazama yule bibi wa miaka themanini, kichwa kimefungwa mtandio mweupe, akifungua mfungo wake kwa mashapo ya boha. Siku kumi na mbili. Alikuwa ameyawaza ya kanisa lake usiku na mchana, na ya msikiti wa jirani yake hayakumjia hata mara moja.

Aliaga, akarudi nyumbani, akamwaga kibuyu shambani. Kesho yake hakuoka. Alimtumia Mwanamisi salamu kwamba unga wa ngano umekwisha dukani.

Hapo ndipo mimi nilipoingia, bila kujua. Mwanamisi alikuja dukani siku ya tatu kutafuta chumvi.

"Pole na unga wa ngano kukwisha," akasema. "Mama mkwe wangu ananisumbua, anataka godoro lake."

"Haujakwisha, mama," nikamjibu, nikamwonyesha gunia. "Hili hapa, halijafika hata nusu. Na Mama Rubeni alichukua kilo mbili juzi tu."

Nilidhani ninampa habari njema. Aliitazama chumvi yake, akaifunga katika pindo la kanga, akatoka bila kuaga.

Alikwenda moja kwa moja kwa Dorkasi. Dorkasi alikuwa akipepeta maharage mlangoni.

"Kaa, Mama Asha."

"Sikai. Nimetoka dukani. Unga upo."

Dorkasi akaweka ungo chini.

"Kama umetuchoka, sema," Mwanamisi akaendelea. "Hatukukuajiri. Miaka kumi na moja ni mingi, mtu huchoka. Lakini usinitume nikamwambie mzee wa watu kwamba unga umekwisha, halafu mtoto wa juzi anionyeshe gunia."

"Sijawachoka."

"Basi ni nini?"

"Ni hamira. Hamira haipo tangu Juni."

"Na ile mikate kumi na miwili uliiumua kwa kitu gani? Kwa maombi?"

Dorkasi alisema kwamba kulikuwa na uongo mwingi karibu, ungeweza kushikika kwa mkono. Angesema amepata hamira kidogo kutoka misheni na imekwisha. Mwanamisi angeamini, na siku hiyo ingekuwa imekwisha. Lakini Ramadhani ilikuwa katikati, na mwakani ingekuja tena, na yeye angekaa tena katika chumba kile na chai mkononi.

"Kwa boha," akasema. "Mashapo ya boha ya Silvano."

Kuku alipita katikati yao akadonoa maharage, na hakuna aliyemfukuza.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Ya mfungo?"

"Ndiyo."

"Mama mkwe wangu hajapita hata karibu na uvundo wa pombe maisha yake yote. Anazunguka njia ya mtoni ili asipite kwa Silvano. Wewe umemlisha siku kumi na mbili."

"Niliona yote yanaungua motoni, Mama Asha."

"Uliona. Kwa nini hukuniuliza nione na mimi? Kutoka hapa hadi kwangu utaanguka njiani?"

"Niliogopa kanisa. Niliogopa mume wangu. Wewe... wewe sikukufikiria."

"Hilo ndilo," Mwanamisi akasema kwa sauti ya chini. "Afadhali ungesema ulinifikiria ukadharau. Hukunifikiria kabisa."

Akashuka ule ua, na hakugeuka.

Jioni ile Dorkasi alimweleza mumewe kabla habari hazijamfikia kwa mdomo mwingine. Nathanaeli alikuwa akinoa randa. Alinoa mpaka mwisho, akaijaribu kwa kidole.

"Ungeniambia, ningekataza," akasema.

"Ndiyo maana sikukuambia."

"Najua." Akaifunga randa katika kitambaa. "Jumapili nitalipeleka kwa wazee mimi mwenyewe."

Kikao cha wazee kilichukua muda, kwa sababu mzee mmoja aliuliza kwa dhati kama kuna mtu aliyewahi kulewa mkate, na mwingine akasema kuna mikate ya arusini inayostahili kuchunguzwa. Mwisho walimwambia Dorkasi asishiriki Chakula cha Bwana mpaka Krismasi. Alikubali, akakaa benchi la nyuma, na watu waliomtazama aliwatazama. Hilo, aliniambia, lilikuwa kama vazi la mvua. Unalivaa, unalivua. Lililomkaa ndani lilikuwa jingine.

Kwa upande wa pili, Mwanamisi alikwenda kwa mwalimu wa madrasa, Mwalimu Mbaraka, kumuuliza kuhusu mfungo wao. Mwalimu alimjibu kwamba aliyekula bila kujua hana lawama, na waendelee kufunga kwa amani. Mwanamisi alimrudishia mama mkwe wake jibu hilo pamoja na habari yenyewe.

"Ndiyo maana," Bi Fatuma akasema, "mwaka huu usingizi ulikuwa mtamu."

"Mama!"

"Mimi nasema nilivyolala."

Bi Fatuma alisamehe papo hapo, kama kulikuwa na cha kusamehe. Mwanamisi hakusamehe. Lawama ya mfungo ilikuwa imeondolewa, lakini ile nyingine haikuwa ya mwalimu kuiondoa.

Idi ilifika katikati ya Oktoba. Kwa Mwanamisi palinukia mdalasini na iliki tangu alfajiri. Dorkasi aliuacha mlango wake wazi siku nzima, akifanya kazi zake mbele ya nyumba ambako ungeweza kuonekana mtu anayepanda ule ua. Alasiri Nathanaeli aliuliza kama wale chakula walichonacho. Walikula bada ya yanga na mboga ya majani. Sahani haikupanda.

Siku tatu baadaye Dorkasi alikuja kwangu akanunua kilo moja ya unga, akanisihi niufunge mfuko mimi mwenyewe, ionekane kwamba hakuufungua. Nikaufunga kwa kamba na mafundo mawili. Alikuwa amekumbuka jambo la zamani. Kulikuwa na miezi ambayo hata kule Kwai hamira ilichelewa, na yule mama alichanganya unga na maji matupu katika bakuli, akaongeza kidogo kila siku, mpaka siku ya saba au ya nane ule uji ukachacha wenyewe na kuweza kuumua donge. Dorkasi angeweza kuifanya chachu hiyo jikoni kwake. Lakini nani angejua kilichomo? Yeye asingeaminika, na alijua asingeaminika kwa haki.

Alisimama mlangoni kwa Mwanamisi, mfuko mikononi.

"Hodi."

"Nani?" Mwanamisi akauliza, ingawa aliijua sauti.

"Ni mimi. Siingii. Nimeleta unga wa kuanzisha chachu. Nataka ikae kwako. Uuchanganye wewe, uilishe unga wewe kila siku. Mimi nitakuja tu kuchukua kiasi nikitaka kuoka."

Mwanamisi alitoka, akakagua lile fundo langu.

"Maji ya nani?"

"Ya kwako."

"Bakuli?"

"La kwako. Mimi sitaligusa."

"Na Silvano?"

"Silvano ana nguruwe wake."

Mwanamisi hakucheka. Lakini aliuchukua mfuko.

Chachu ya kwanza ilikufa kwa baridi ikawa na rangi ya kijivu. Ya pili Mwanamisi aliiweka juu ya dari ya jikoni, moshi unapopita, na siku ya tisa alisimama kwenye ua wa mafyulisi akapaza sauti, "Ina mapovu," kwa namna ya mtu anayetoa taarifa ofisini, akarudi ndani.

Mkate wa kwanza ulikuwa mdogo na mzito. Dorkasi aliupeleka akasubiri nje. Alimsikia Bi Fatuma akiutafuna kwa muda mrefu.

"Ule mwingine ulikuwa laini zaidi," bibi akasema.

"Mama, nyamaza ule."

Ilimchukua Dorkasi miezi kadhaa kuielewa chachu ile. Haikuwa na haraka ya hamira. Alijifunza kukanda jioni na kuoka asubuhi, kuongeza maziwa, kupunguza chumvi, na kufikia Pasaka mkate ulikuwa umerudi kuwa mweupe na laini, wenye uchachu mdogo ambao wengine waliupenda kuliko ule wa zamani. Kila alipotaka kuoka alishuka na kikombe, akabisha, na Mwanamisi akamletea chachu mlangoni. "Chukua." "Asante, Mama Asha." "Haya." Ramadhani ya mwaka uliofuata mkate ulipelekwa, ukapokelewa, mlangoni. Idi sahani ilipanda, imebebwa na Asha. Mwanamisi mwenyewe hakuja, wala hakumkaribisha Dorkasi ndani.

Hamira ilirudi dukani mwaka 1976. Nilimwekea Dorkasi makopo mawili chini ya meza kabla ya kumtangazia mtu mwingine, nikamwita kwa furaha. Aliligeuza kopo moja mkononi, akasoma herufi zake zote.

"Mpe mwingine, Kristofa."

"Mama, si ndiyo ulikuwa ukiitafuta?"

"Ndiyo. Lakini nikiichukua hii, nitakwenda kwa Mama Asha kufanya nini?"

Nikayapanga makopo rafuni.

Jumamosi moja ya Agosti mwaka huohuo, ukungu ukiwa mpaka kwenye vizingiti, Dorkasi alishuka na kikombe chake kama kawaida. Alibisha hodi. Hakuna aliyekuja. Akabisha tena, akasikia maji yakimwagwa uani.

"Mama Asha, ni mimi. Nimefuata chachu."

"Nafua, mikono ina sabuni," Mwanamisi akajibu kutoka uani. "Ingia uchukue mwenyewe. Iko juu, upande wa moshi. Na ukimaliza uilishe, nimechoka kupanda pale."

Dorkasi alivua viatu, akaviweka kando ya mlango, akaingia jikoni.